Maji ya Ukutani

Mume wetu, Nasor bin Abdullatif, alianza kumkumbuka Mungu siku alipoanza kuharisha. Kabla ya hapo walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Alikuwa na duka la nafaka na sandarusi, ile gundi ya miti, hapa Bagamoyo, nyumba ya mawe yenye sakafu tambarare juu, wake wawili, na pishi ya mvule ya kupimia mtama na mchele, ambayo aliipenda kuliko vyote nilivyovitaja. Hakumruhusu mtu kuishika. Mchana ilikuwa mkononi mwake, usiku ililala sandukuni karibu na kichwa chake. Mke mwenye zamu alilala upande wa pili.

Mke mkubwa alikuwa Bi Zeyana, binti ami yake, na huyo alimpenda Nasor mapenzi ya kweli, ya kumpulizia uji usimwunguze. Mke mdogo ni mimi, Tabia, mtoto wa wakulima wa Kerege. Nasor alipita kwetu akitafuta mtama, kilemba kikamfunguka kikanasa kwenye mwiba, nikacheka. Akadhani nimempenda. Baba yangu naye hakuona sababu ya kumsahihisha.

Mimi na Bi Zeyana tulikuwa na ugomvi mmoja tu, ila ulikuwa wa kudumu: mchele. Kila Ijumaa Nasor mwenyewe alikuja jikoni na pishi yake akatupimia chakula cha wiki, na kila wiki mchele uliisha kabla ya wiki. Bi Zeyana hakuwa na shaka ulikokwenda. "Njaa ya Kerege haina mwisho," alikuwa akisema, huku akiitazama sufuria, si mimi. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa mama yangu, mwisho nikachoka kuapa. Nikamchukia kidogo, naye akanichukia kidogo, na Nasor akakaa katikati yetu akala wali wake akashiba.

Sasa, maji. Nasor alikwenda Unguja kwa biashara akaona jinsi Sayyid alivyovuta maji kwa mabomba ya chuma hadi mjini, watu wakifungua mfereji mdomoni mwa bomba, wakinywa, wakifuta midomo na kumwombea Sayyid dua. Zile dua zilimtia wivu. Alirudi na mfereji wa shaba ndani ya kikapu, akausahau ghalani mpaka tumbo lilipomshika. Hapo ndipo alipoita mafundi mbiombio. Wakajenga birika la mawe na chokaa juu ya nyumba, likinge mvua ya masika, wakapitisha bomba ukutani hadi barabarani, wakachomeka mfereji. Wasia wake ulikuwa mfupi: maji yawe sadaka, bure, kwa kila apitaye, na kila atakayekunywa, thawabu imfuate yeye kaburini. Alikufa wiki ileile, na mpaka mwisho alikuwa akidai aletewe maji ya Kisima cha Mnazini, kwa kuwa yana ladha.

Ladha yalikuwa nayo, sikatai. Kisima kile kilikuwa na chumvi, vyura, na mtalawanda, kiatu cha mti, wa mguu wa kushoto uliokuwa ukielea humo tangu nilipoolewa. Punda wa misafara walinyweshwa mdomoni pake, na walichokunywa hawakwenda mbali kukitoa. Mji mzima ulikunywa hapo, mji mzima uliharisha, na kila aliyeharisha alikuwa na sababu yake: huyu embe bichi, huyu husuda, huyu mama mkwe. Kisima hakikutajwa hata siku moja. Kisima ni cha mababu.

Baada ya mazishi mimi na Bi Zeyana tukaingia eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka nje, wake wenza wawili ndani ya nyumba moja, na sanduku la marehemu ambalo ufunguo wake Bi Zeyana aliuvaa shingoni. Chumba cha mbele kilikuwa juu ya mfereji hasa. Mfereji ule kila ukifunguliwa ulilia nyaa, kama paka aliyekanyagwa mkia. Bi Zeyana akahamishia mkeka wake dirishani, nyuma ya vibao, akakaa kusubiri ulie.

Haukulia.

Mwanzoni alisema watu wanaheshimu msiba. Kisha akaacha kula. Nasor alikuwa akimjia ndotoni, midomo imempasuka kama tope la kiangazi, akiuliza neno moja tu: "Wamekunywa?" Naye aliamka analia, kwa kuwa hakuwa na la kumjibu. Mimi hakunijia. Nadhani alijua ningemjibu nini. Lakini nilimwona yule mwanamke anavyokonda, bangili zinamvuka mkono zenyewe, nikaingiwa na hofu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningemwogopea Bi Zeyana.

Sababu tuliisikia kwa masikio yetu wenyewe, maana watu wa Bagamoyo wakitaka kuisengenya nyumba husimama chini ya dirisha lake. Bingwa wao alikuwa Bi Dija, muuza vitumbua wa ng'ambo ya njia, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani.

"Mnajua bomba lile linapita wapi?" aliwauliza wateja wake asubuhi moja. "Linapita kwenye ufuo."

Ufuo ni shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji ya josho yazame humo. Wa Nasor ulichimbwa uani, upande wa pili kabisa wa nyumba, ukafukiwa siku ileile. Birika liko juu, ufuo uko chini. Maji yangelazimika kupanda ngazi. Lakini nani atakumbuka ngazi akishasikia neno kama lile? Watu walisimama na vitumbua mkononi wakiutazama mfereji, wanangoja Nasor achungulie.

Lisemwalo lipo, husema watu, na hili lilikuwepo likazaa. Kutu ya bomba inavunja nguvu za wanaume. Maji yasiyo na chumvi yanalegeza mifupa. Maji ya kisima unayaona uso wake, haya yanajificha ukutani. Asiye na hatia anajificha nini? Siku moja mpagazi kutoka bara, aliyekuja na msafara wa pembe, akaufungua mfereji. Nyaa! Bi Zeyana akaruka kutoka mkekani. Mpagazi akaosha miguu, akafunga vizuri, akaenda zake kunywa kisimani.

"Kuosha miguu kuna thawabu?" Bi Zeyana aliniuliza.

"Ipo," nilisema. "Ya miguu."

Mtumishi wetu, Bimdogo, alikunywa mbele yao siku tatu mfululizo. Wakasema huyo ni wa nyumbani, ameshazoea maiti. Tukamwita Mwalimu Muhidini wa msikitini. Akakaa nyuma ya pazia akatusikiliza, kisha akatoka barabarani akatoa hukumu mbele ya watu: maji yasiyobadilika rangi, harufu wala ladha ni safi na ni halali. Maneno mazuri. Bimdogo akamjazia kikombe. Mwalimu akakitazama kikombe, kikombe kikamtazama Mwalimu.

"Bahati mbaya," akasema, "nimefunga."

Ilikuwa Alhamisi, tukakubali. Jumamosi akapita, Bimdogo akamfuata na kikombe, kumbe amefunga. Jumapili amefunga. Tukamgeuza mtu akawa walii bila kukusudia.

Siku pekee ya furaha ilikuwa siku mbuzi wa jirani alipolamba tone lililoning'inia mferejini. "Tabia! Amekunywa!" Bi Zeyana alipiga kelele. Akanikumbusha kwamba kumnywesha mnyama mwenye kiu kuna ujira mkubwa, kwamba watu wameingia peponi kwa hilo, na mchana ule akala wali kidogo. Nilimwomba Mungu yule mbuzi arudi. Lakini alivuka njia akatafuna kanga ya Bi Dija iliyoanikwa, akafungwa kamba.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nakunywa ya mtungini, ya kisima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kisha Bimdogo akashuka kutoka juu na habari ya ajabu: birika linapungua. Hakuna ufa, hakuna anywaye, na maji yanashuka. Bi Zeyana akasema ni malaika. Mimi nilikuwa na mashaka na malaika wenye ndoo.

Alasiri moja Bi Dija akaja kutupa pole, na bakuli la vitumbua limefunikwa kawa. Mtu akikusengenya asubuhi haimzuii kukutembelea alasiri, ndiyo ujirani.

"Shikamoo, Bi Dija."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Kuleni, mnakonda."

Sasa, vitumbua vya Bi Dija vilijulikana mji mzima kwa chumvi yake. Watu walivila kwa mazoea, wamekunja jicho moja. Nikauma. Kilikuwa kitamu. Mchele, nazi, sukari, basi. Hapakuwa na kisima ndani yake. Nikatafuna polepole nikimtazama.

"Bi Dija, unga umeulowesha kwa maji gani?"

"Ya kisimani, mwanangu. Kwani kuna mengine?"

"Bimdogo," nikasema, "nenda ukafungue mfereji."

Akaenda. Tukatega masikio wote watatu. Maji tuliyasikia yakimwagika. Ile nyaa hatukuisikia. Bimdogo akarudi ananusa vidole.

"Umepakwa mafuta ya nazi," akasema. "Unanukia vitumbua."

Mwingine angeona haya. Bi Dija alikunja miguu vizuri tu juu ya mkeka, kama aliyekaribishwa kuhutubia.

"Haya. Nachota alfajiri watu hawajatoka. Maji mazuri yale, laini, unga unaumuka mpaka unajiuliza. Lakini nimeyapikia tu! Sijayanywa hata tone. Kupika si kunywa."

"Na ufuo?" Bi Zeyana aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ufuo uko uani. Nilikuwepo ukichimbwa."

"Basi kwa nini, Bi Dija? Nimekukosea nini?"

"Wewe hujanikosea kitu. Unadhani wale wote wanaamini habari ya ufuo? Nusu yao walishika majembe siku ile. Walikuwa wanatafuta neno la kusema, nikawapa. Mtu hawezi kusimama barabarani akasema: sinywi, kwa sababu nikinywa Nasor atapata thawabu, na mimi sijawa tayari azipate."

Nilidhani Bi Zeyana ataanguka. Bi Dija aliona, akashusha sauti, lakini hakunyamaza.

"Mwaka wa njaa nilikuja dukani na chungu changu. Chungu kile nakijua, nimekirithi kwa mama: kinachukua pishi moja, mpaka mdomoni. Marehemu akanipimia pishi moja ya mtama, ukaishia shingoni. Nikamwambia, Bwana Nasor, haikujaa. Akanijibu nini? 'Bi Dija, chungu chako kimekua.' Duka zima likacheka. Nina wajukuu wananingoja nyumbani, mimi mtu mzima, nimesimama pale nachekwa kwa njaa yangu. Leo ninywe nimwombee?"

Bi Zeyana akainuka. Nilijua anamfukuza, nikasogeza bakuli la vitumbua lisipinduke. Hakumfukuza. Alivua ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akatoa pishi.

"Tabia, lete mchele. Na kibaba."

Pishi moja ni vibaba vine; hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Kibaba cha kwanza kikaingia, cha pili, cha tatu. Cha nne kiliingia nusu. Nusu nyingine ilibaki mkononi mwangu, na pishi imejaa juu mlima.

Bi Zeyana akaimwaga pishi hapohapo mkekani, akachukua mchi, akaupiga ndani mara moja kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kitako kikaruka. Kilikuwa kipande cha mbao cha mviringo, kimegandishwa kwa sandarusi, na chini yake kulikuwa na kitako kingine, cha kweli, kimekaa gizani miaka yote. Harufu ya sandarusi ikajaa chumbani.

Hakumtazama Bi Dija. Alinitazama mimi.

"Mchele wa jikoni," akasema.

"Naam."

"Miaka yote ile, Tabia."

Nilikuwa na maneno niliyoyaweka akiba kwa siku kama ile. Maneno makali, mazuri, mengine nilikuwa nikiyafanyia mazoezi nikichambua huo mchele wenyewe. Yote yakanipotea.

"Nilikuapia, Bi Zeyana," nilisema tu.

"Uliniapia."

Akakaa chini, juu ya mchele uliomwagika, akalia. Alikuwa amelia sana tangu msiba, lakini safari hii hakuwa akimlilia Nasor. Nami nikalia, kwa hasira, maana ilikuwa hasira iliyokosa pa kwenda. Niliyestahili kumpa alikuwa ameshazikwa, na yule niliyempa miaka yote alikuwa amepunjwa sawasawa na mimi.

"Basi ameangamia," alisema hatimaye. "Hakuna atakayekunywa. Na wana haki."

Bi Dija, ambaye kwa kukosa pa kuweka uso alikuwa ameshakula nusu ya vitumbua alivyotuletea, akafuta vidole.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema.

Bi Zeyana akajifuta uso kwa ncha ya ukaya wa kichwani.

"Bimdogo, lete mnyororo. Na msumari mrefu."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nilishangaa kusikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Bi Zeyana, utamwaibisha mumeo!"

"Namwaibisha," alisema. "Aibu ya duniani ni nyepesi. Aione hapa, imalizikie hapa."

Kesho yake asubuhi kile kitako cha uongo kilikuwa kimepigiliwa ukutani juu ya mfereji, kila mtu akione, na pishi ya mvule, iliyotimia kwa mara ya kwanza, inaning'inia kwa mnyororo iwe kata ya kunywea. Bimdogo akasimama kando yake akatangaza kama alivyofundishwa: "Hii ndiyo pishi ya Nasor, na hiki ndicho kitako chake. Mjane wake anawaomba radhi. Atakaye anywe."

Nyuma ya vibao Bi Zeyana alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Wa kwanza alikuwa mchukuzi wa gati, jitu refu. Akakisogelea kitako, akakigonga kwa kidole, kama anayehesabu humo kila pishi aliyowahi kununua. Kisha akacheka. Akajaza pishi, akainua. "Nasor, mzee wangu, leo umejaza!" Akanywa, maji yakamtiririka kifuani. Baada ya hapo wakaja kwa kusukumana. Kila mmoja alikuwa na lake la kumwambia marehemu, na mengine sitayaandika. Walimtukana, wakanywa, wakatukana tena, wakarudi nyuma ya safu wanywe mara ya pili. Hapakuwa na aliyeuliza bomba linapita wapi. Kutu, mifupa, nguvu za wanaume, yote yalisahauliwa kwa mkupuo.

Mwalimu Muhidini akaja, akakitazama kitako, rangi ikamtoka. "Hata fitri?" akauliza. Kila Ramadhani, zaka ya fitri ya nyumba yetu ilipimwa kwa pishi ile, na mpokeaji alikuwa yeye. Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe. Akafungua saumu yake yote iliyolimbikizana, akanywa pishi nzima bila kupumua.

Bi Zeyana hakuweza kujizuia. Akaita kupitia vibao, "Mwalimu! Matusi yanapunguza thawabu?"

Mwalimu akafuta ndevu. "Matusi ni yao," akasema. "Maji ni yake."

Bi Dija alikuja wa mwisho, amebeba chungu kichwani. Watu wakampisha. Akakiweka chini, akajaza pishi mpaka mdomoni, akaimimina polepole. Maji yakapanda, yakapita shingo, yakafika mdomoni, yakatulia. Akasimama akiyatazama. Nilikuwa nikimjua kwa makelele yake tu. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa hauna la kusema.

"Kimerudi kimo chake," alisema hatimaye. Akakiinua chungu kwa mikono miwili akanywa, kirefu, mbele ya Bagamoyo nzima. Akashusha pumzi. "Mwenyezi Mungu amrehemu Nasor," akasema. "Lakini asifanye haraka."

Kicheko kilichopasuka pale kilifika msikitini. Na nyuma yangu, gizani, Bi Zeyana alikuwa ameziba mdomo kwa ukaya, mabega yanamtikisika, anacheka. Siku hiyo alikula.

Nasor alimjia tena ndotoni mara moja. Nilimwuliza Bi Zeyana alionekanaje. "Midomo imelowa," alisema. "Ila amenuna."

"Amesema nini?"

"Anauliza pishi yake iko wapi."

Eda ilipokwisha tukaoga, tukavaa nguo mpya, tukatoka mlangoni pamoja. Jua lilituumiza macho. Watoto walikuwa mferejini, wakatupisha. Bi Zeyana akasimama.

"Tangu mwanzo sijakuona ukinywa maji haya, Tabia."

"Sina kiu."

"Miezi minne huna kiu."

Nikatazama kando. Watu wote walikuwa wamesamehe au wamecheka, na mimi bado nilikuwa na yangu tumboni, nimeyakalia. Bi Zeyana hakunibembeleza. Alifungua mfereji kwa mkono wake mwenyewe, akajaza pishi mpaka maji yakavimba juu ya ukingo, akanigeukia nayo polepole, kadiri mnyororo ulivyofika, asimwage hata tone. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kunipakulia hata ukoko.

"Si kwa ajili yake," alisema. "Huu ni mchele wako. Nimechelewa kukupimia."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Sikujua kwamba pishi kamili ni nzito kiasi kile.